Je, wajua kwa nini Madison hakutaka kuvunja makundi?

Kila zikiisha kura za maoni ndani ya chama, wito ni uleule: "Vunjeni makundi!" Watu hushikana mikono mbele ya kamera, na jioni kila kundi linarudi kwenye kikao chake.

James Madison, mwanasiasa wa Virginia, Marekani, asingeshangaa. Novemba 1787, akiitetea katiba mpya ya nchi yake katika magazeti ya New York, aliandika kwamba makundi hayafutiki. Watu hutofautiana dini, mawazo, na zaidi ya yote mali: anayedai na anayedaiwa hawawezi kuipenda sheria moja. Mwaka mmoja kabla, wakulima wenye madeni huko Massachusetts walikuwa wameshika silaha. Uhuru kwa makundi, alisema, ni kama hewa kwa moto. Nani ataiondoa hewa ili kuzuia moto?

Kundi dogo halikumtisha, maana litashindwa kwa kura. Hofu yake ilikuwa kundi lenye wengi, na dawa aliyoitoa iliwashangaza walioamini kuwa jamhuri hustawi mahali padogo: panua nchi.

Tuje Kariakoo. Kijiwe cha kahawa kina watu kumi, saba Yanga. Mechi zikigongana, runinga haina mjadala; wale watatu wa Simba wavumilie au wahame. Sasa chukua Dar nzima. Kuna machinga na wenye fremu wanaozibiwa mlango, kuna wavuvi wa Feri, madereva wa daladala, wapangaji na wenye nyumba. Yule shabiki wa Yanga kodi ikipanda yuko upande mmoja na mpangaji wa Simba, dhidi ya mwenye nyumba ambaye huenda ni Yanga mwenzake. Hakuna mwenye wengi wa kudumu, kwa hiyo kila kundi linalazimika kubembeleza mengine. Madison alitegemea pia kwamba umbali utawazuia wenye nia mbaya kupanga njama pamoja. Hilo kundi la WhatsApp limelimaliza.

Wabunge nao aliwaona kama chujio la matakwa ya umma, ingawa alikiri kwamba walaghai nao huchaguliwa. Ambacho chujio lile halikuchuja ni utumwa: watumwa walihesabiwa kwa kiwango cha watatu kwa kila watano katika kugawa viti vya bunge, bila kupiga kura, na Madison mwenyewe alimiliki watumwa. Isitoshe, haikupita miaka kumi, yeye na Thomas Jefferson, mwanasiasa mwenzake wa Virginia, wakawa wanaongoza chama chao.

Sisi mwaka 1965 tulichagua chama kimoja, makundi yakaingia humo ndani. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sheria ilikataa vyama vya dini au kabila, ikataka kila chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwemo. Upana ambao Madison aliuachia ukubwa wa nchi, hapa umeandikwa kwenye sheria.

Lakini mgombea ubunge lazima apendekezwe na chama. Aliyeangushwa kwenye kura za maoni hana mlango wa mgombea binafsi: abaki na watu wake humo humo, au ahame nao.