Fair Chance kwenye ajira Marekani ni kitu gani hasa?

Fomu nyingi za kuomba kazi Marekani zilikuwa na kiboksi kinauliza, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Ukitiki ndiyo, mara nyingi safari inaishia hapo, hakuna anayesoma kwamba wewe ni fundi umeme mzuri au kwamba kosa lenyewe ni la miaka 15 nyuma. Sheria za Fair Chance zinamkataza mwajiri kuanza na hilo swali.

Wengi wanadhani mwajiri analazimishwa kumchukua aliyetoka jela. Hapana, rekodi ya makosa ya jinai anaruhusiwa kuiangalia ila kwa wakati wake. Chukua California, sheria yao imeanza Januari 2018 kwa waajiri wenye wafanyakazi 5 kwenda juu: unafanya intavyuu, unapewa ofa, ndio wanaangalia rekodi. Wakikuta kitu lazima wapime uzito wa kosa, muda uliopita, na linahusiana vipi na kazi unayoomba, maana aliyeiba hela na anaomba kukaa kaunta huwezi kumlinganisha na aliyepigana baa ujanani na anaomba kuosha vyombo. Wakitaka kufuta ofa wanakuandikia barua, wanakupa ripoti uione, na una angalau siku 5 za kazi za kujibu, ulete vyeti vya mafunzo, barua ya mchungaji au imamu, au uonyeshe kwamba ripoti imekuchanganya na mtu mwingine. Ukipata barua hiyo usinyamaze jamani, jibu!

Waliopigania sana hili ni waliotoka jela wenyewe, kundi la All of Us or None huko California, ingawa Hawaii walishakuwa na sheria tangu 1998. Na hali ilikuwa mbaya kweli, mwanasosholojia Devah Pager alituma vijana wakaombe kazi mji wa Milwaukee, utafiti ukatoka 2003: wazungu wenye rekodi waliitwa asilimia 17, weusi wasio na rekodi yoyote 14, weusi wenye rekodi 5.

Ndio maana kufuta kiboksi peke yake hakutoshi. Utafiti wa wasomi Agan na Starr huko New Jersey na New York ulikuta kiboksi kikiondoka baadhi ya waajiri wanabahatisha kwa rangi, pengo la wazungu na weusi kuitwa likapanuka, na hilo linadhibitiwa na sheria za kupinga ubaguzi zikisimamiwa kikweli.