Windows 11: yanayosemwa Mtwara na Lindi, na ukweli wake

Tarehe 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015. Kwa mikoa ya kusini tarehe hiyo iliangukia palepale korosho zinapoanza kuingia maghalani, wakati ambao karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) hana nafasi hata ya kufuta vumbi kwenye kibodi. Wengi waliahirisha kuhamia Windows 11, mfumo unaoifuata, na katika kuahirisha huko maneno yakawa mengi. Tunayachukua hapa yale yanayosikika zaidi steshenari, maofisini na mashuleni. Msimamo wetu tuuseme mapema: anayeamua ni prosesa, ubongo uliomo ndani ya mashine yako, pamoja na kazi ambayo mashine hiyo haiwezi kuikosa kesho asubuhi. Uzuri wa mfumo mpya ni habari ya baadaye.

"Windows 10 imeshakufa, kompyuta itazimika yenyewe"

Haizimiki. Itawaka, itachapa barua na kufungua Excel kama jana. Kilichokoma ni viraka vya usalama ambavyo Microsoft huvitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi. Tundu likigunduliwa leo ndani ya Windows 10, linabaki wazi.

Ila kuna nyongeza ya muda ambayo watu wengi hawaijui. Mtumiaji binafsi anaweza kuendelea kupata viraka hadi 13 Oktoba 2026. Anatakiwa awe na toleo la 22H2 (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, usome) na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi kitu. Ukikataa, ni dola 30 za Marekani au pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Akaunti moja inabeba hadi kompyuta 10, na kiungo cha kujiandikisha kiko ndani ya Settings, sehemu ya Windows Update. Kompyuta zilizofungwa kwenye seva ya ofisi haziingii humo. Mpango wa ofisi ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu.

"Mimi nina antivirus, viraka vya nini?"

Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi kwa siku chache. Hakikuhitaji mtu abonyeze chochote: kikishaingia kwenye mashine moja, kilihamia nyingine kwa kupitia huduma ya Windows ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, wakiwemo waliokuwa na antivirus.

Antivirus inamtambua mwizi kwa sura. Kiraka kinaziba ukuta alipopitia. Ni kweli Defender, antivirus iliyomo ndani ya Windows 10, itaendelea kupokea orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, na hilo linasaidia. Lakini fikiria steshenari ya kawaida pale Mtwara mjini: flashi za wateja zinaingia na kutoka tangu asubuhi, mtu anafungua barua pepe yake kwenye mashine yako, mwingine anaingiza nywila ya maombi ya mkopo au ya ajira. Kompyuta isiyo na viraka katika mazingira hayo inahatarisha pia watu ambao si wako.

"Yangu ni Core i7, lazima ikubali"

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, hasa kwa wanunuzi wa laptopu za mitumba, kwa hiyo tukae kidogo.

Windows 11 haiangalii i3, i5 wala i7. Inaangalia kizazi. Kwa Intel, kwa ujumla wake, inaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, ingawa si zote za mfululizo huo. Kwa hiyo i7-6600U inakataliwa na i3-8130U inakubaliwa, ingawa ya kwanza ndiyo iliyouzwa ghali ilipokuwa mpya.

Kizazi kinasomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari. i5-6300U ni cha 6, i5-7300U cha 7, i5-8250U cha 8. Ikifika 10 na kuendelea, tarakimu mbili za mwanzo ndizo kizazi: i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Celeron na Pentium zina hesabu yake. Celeron N4000 inakubaliwa, N3060 haikubaliwi.

Sasa tahadhari ambayo muuzaji hatakuambia. Jina la laptopu peke yake halitoshi. HP EliteBook 840 G3 huja na kizazi cha 6, hiyo ni nje. 840 G5 watu wanaijua kuwa ya kizazi cha 8, lakini zipo G5 zilizotoka kiwandani na i5-7200U au i5-7300U. Lenovo ThinkPad T480 nayo ni hivyohivyo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji awashe mashine, andika msinfo32 kwenye kisanduku cha Windows na R, usome mstari wa prosesa wewe mwenyewe. Stika iliyobandikwa pembeni mwa kibodi isikudanganye, stika hubadilishwa.

"Kompyuta imesema haifai, basi tena"

Si lazima. Mara nyingi prosesa inafaa, ila kitu kimezimwa. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na inataka mashine inayowaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta, ya zamani huitwa Legacy) yenye uwezo wa Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka.

Andika tpm.msc kwenye kisanduku cha Windows na R. Ikisema TPM haionekani, ingia BIOS, mipangilio ya mashine iliyo nje ya Windows: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, ukigonga mara tu mashine inapowaka. Kwenye Intel tafuta PTT, kwenye AMD tafuta fTPM, washa, hifadhi, toka.

Kisha rudi msinfo32 usome mstari wa BIOS Mode. Ukikuta Legacy, usikimbilie kubadilisha BIOS kwanza, kwa sababu diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR haitawaka kwa UEFI na utaona skrini nyeusi. Geuza diski kwanza. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, uandike:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka convert mahali pa validate. Ikimaliza ndipo uende BIOS ukabadili Legacy kuwa UEFI na kuwasha Secure Boot. Ikikataa, sababu ya kawaida huku kwetu ni mafundi kugawa diski moja kuwa C, D, E na F. Amri hii inavumilia sehemu kuu tatu tu, na haitaki sehemu zilizowekwa ndani ya sehemu nyingine. Hamisha mafaili ya E na F kwenye diski ya nje, futa sehemu hizo, ujaribu tena.

"Fundi mzuri anaiweka kwenye mashine yoyote"

Anaweza kuiweka kwenye nyingi. Programu kama Rufus hutengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na kwenye kizazi cha 6 au 7 mfumo utawaka na kufanya kazi. Shida inakuja baadaye: toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe, itabidi fundi arudie kwa mkono, na Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Za zamani zaidi, mfano Core 2 Duo, hazina kabisa maelekezo ya prosesa ambayo toleo la 24H2 la Windows 11 linayataka. Hizo haziwaki, hata fundi awe nani.

Kwa laptopu ya nyumbani ya kuangalia filamu, hatuna ugomvi na njia hiyo. Kwa kompyuta yenye orodha ya malipo ya wakulima wa Tandahimba, hapana.

"Lazima ufomati"

Si lazima, na fundi anayesema hivyo kwa kila mteja anatafuta njia rahisi kwake. Ukiwa ndani ya Windows 10, fungua faili la ISO la Windows 11 (faili moja lenye mfumo mzima) kwa kubofya mara mbili, endesha setup, uchague kubaki na mafaili na programu zako. Vyote vinabaki.

Kama chaguo hilo limefifia na halibonyezeki, simama hapo. Usiseme tuendelee tu. Sababu ya kwanza ni lugha: laptopu nyingi za mitumba kutoka Uingereza zina Kiingereza cha huko, nawe umepakua ISO ya Kiingereza cha Marekani. Andika dism /online /get-intl kwenye Command Prompt yenye haki za msimamizi usome lugha ya mfumo. En-GB inataka ISO iliyoandikwa English International. Sababu ya pili ni kuwasha mashine kwa flashi badala ya kuanzia ndani ya Windows. Njia hiyo haibakizi programu.

Wanaolazimika kweli kuanza upya ni wawili: mwenye Windows 10 ya biti 32, kwa kuwa Windows 11 ya biti 32 haipo, na aliyebaki kwenye Windows 7 au 8.1.

Nakala ya mafaili kwenye diski ya nje ni lazima kwa vyovyote. Na kabla ya kugusa BIOS angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo wake wenye tarakimu 48 kwenye akaunti ya Microsoft, uuandike karatasini, kisha usitishe BitLocker kwa muda. Ukibadili TPM bila kufanya hivyo, mashine itakudai ufunguo huo, na usipokuwa nao mafaili yamekwenda.

"Itamaliza bando"

ISO inazidi GB 5. Ipakue mara moja, itumie kwenye kompyuta zote za ofisi au shule. Flashi iwe na nafasi ya kulibeba faili hilo, na ifomatiwe kwa exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na hapo watu hudhani flashi ni mbovu.

Umeme ndio wa kuuogopa zaidi ya bando. Kwenye SSD kazi huchukua saa moja hivi, kwenye diski ya kuzunguka inaweza kula nusu siku. Laptopu iwe na betri inayoshika kweli. UPS ndogo ya VA 650 hushikilia kompyuta ya mezani kwa dakika tu, haiwezi kukuvusha saa nzima. Umeme ukikatika katikati, Windows mara nyingi hurudi ilikotoka, lakini usiishi kwa mara nyingi.

"RAM ya GB 4 inatosha, Microsoft wenyewe wamesema"

Inatosha kuwaka. Fungua kivinjari chenye kurasa tano na Excel uone. GB 8 na SSD ya GB 256 ndicho kiwango cha kazi, na kama fedha inatosha kimoja tu, anza na SSD.

"Windows 11 inanunuliwa, bora ya kukraki"

Mwenye Windows 10 halali halipi. Laptopu nyingi za kampuni zilizotoka enzi za Windows 10 zina ufunguo ndani ya BIOS, na mfumo huusoma wenyewe ukiweka toleo lilelile, Home au Pro. Programu za kukraki hukutaka uzime antivirus kwanza. Jiulize kwa nini.

"Kama haikubali, ni ya kutupa"

Kizazi cha 4 hadi 7 chenye GB 8 bado ni mashine nzuri. Linux Mint 22, mfumo endeshi unaowekwa badala ya Windows, inapata masasisho hadi 2029, haina malipo, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwa maktaba ya shule Nachingwea au Ruangwa, ambako wanafunzi wanahitaji kivinjari na kuandika, tungeichagua bila kusita. Kwa steshenari tungesita: hati za Word za wateja hufunguka kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ya huko, ila mistari na majedwali huweza kuhama, na mteja wa CV hataki kusikia habari hiyo. Programu za Windows za risiti za EFD, na visomaji vingi vya alama za vidole, havifanyi kazi humo.

"Ukishapanda huwezi kurudi"

Unaweza, ndani ya siku 10, kupitia Settings, sehemu ya Recovery. Mfumo wa zamani unahifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, mtu akiifuta ili kupata nafasi, njia ya kurudi imefungwa. Siku 10 ni chache kwa ofisi, kwa hiyo siku hiyohiyo ya kwanza andika amri hii kwa haki za msimamizi:

dism /online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Sasa una siku 60. Zitumie kupima vitu vinavyokuletea hela: printa kwanza, maana zile za zamani huenda zikataka draiva mpya, kisha skana, programu ya mahesabu, EFD, na kuingia kwenye mifumo ya benki. Kwa AMCOS na maghala, panga kazi hii kati ya Machi na Agosti, mnada wa korosho ukiwa umefungwa, na anza na kompyuta moja isiyo ya mhasibu.