"Dawa anameza, mbona amerudi wodini?"

Ndugu wa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, huniuliza hivyo karibu kila kliniki, huku wamenishikia kadi kama ushahidi: sindano ya mwezi amechoma, vidonge anameza mbele ya mama. Kwao, wajibu wa nyumbani umeishia hapo.

Haujaishia. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa miezi tisa baada ya kutoka hospitali. Kwenye nyumba za lawama, uhasama au kumganda mgonjwa kupita kiasi, waliokaa uso kwa uso na ndugu zaidi ya saa 35 kwa wiki bila dawa, asilimia 92 ugonjwa uliwarudia. Waliokuwa kwenye dawa, 53. Waliokuwa kwenye dawa katika nyumba za aina hiyohiyo, ila kwa saa pungufu ya hizo, 15 tu.

Sisemi mama ndiye kamletea mwanawe ugonjwa. Huo nao ni uzushi. Nasema "mvivu wewe, wenzako wana watoto" ya kutwa nzima inamrudisha nyuma mtu ambaye hajatulia. Kumfulia mtu mzima soksi na kumjibia maswali ya daktari kumo kundi hilohilo, ingawa wengi hununa nikiwaambia. Mtafutieni pa kwenda! Dukani kwa mjomba, shambani, kwaya, kikundi cha kufyatua tofali. Akitoka yeye, mama naye anapumua.

Hapo naambiwa, "Apone kwanza ndiyo afanye kazi." Hapana. Mpango wa ajira ulioasisiwa Marekani na Deborah Becker na Robert Drake humwingiza mtu mapema kwenye kazi ya kawaida, na msaidizi humfuata hukohuko. Umetoa waajiriwa wengi kuliko mipango ya kumfundisha kwanza kwa muda mrefu. Aanze na saa mbili kwa siku.

"Hayo ya Wazungu." Huko Ethiopia vijijini, wahudumu wa jamii wasio wataalamu waliwatembelea wagonjwa na familia zao majumbani, na uwezo wa wagonjwa kujimudu ukaongezeka kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kituo peke yake.

"Akioa atatulia." Ndoa si tiba. Na huyo binti, mmemwambia?