Ushahidi wa mazingira na shaka ya maana katika kesi ya mauaji

Anayepanga kuua hujificha. Ndiyo maana kesi za mauaji mara nyingi hufika mahakamani bila hata shahidi mmoja aliyeona pigo likishuka. Kinachobaki ni mambo yaliyolizunguka tukio: damu kwenye shati, simu iliyozimwa usiku ule, ugomvi wa wiki iliyotangulia, mshtakiwa kuwa mtu wa mwisho kuonekana na marehemu. Huo ndio ushahidi wa mazingira. Shahidi wa moja kwa moja husema, "Nilimwona akimchoma kisu." Wa mazingira husema, "Nilimwona akitoka mbio, kisu mkononi." Hatua inayobaki kati ya kisu na kifo, jaji huivuka kwa kupima na kufikiri.

Wengi huudharau ushahidi huu, na nadhani wanaukosea. Jicho hudanganyika, hasa gizani na penye hofu, na shahidi huweza kununuliwa. Alama ya kidole haihongeki. Ila nayo haisemi iliachwa lini wala kwa sababu gani, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza.

Chukua damu ile ya kwenye shati. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni ya marehemu. Mshtakiwa anajibu kwamba alimkuta amelala chini, akajaribu kumwinua. Mtaalamu akieleza kuwa ni matone madogo yaliyoruka, maelezo ya mshtakiwa yanaanza kuyumba. Akisema ni doa la kugusana tu, basi damu hiyo haiwezi kumtenga muuaji na aliyekuja kuokoa, kwa sababu wote wawili wangetoka nayo. Jambo linalolingana sawasawa na hatia na kutokuwa na hatia halithibitishi lolote, hata likitisha namna gani. Mawakili wa utetezi husahau hili mara chache. Watazamaji husahau karibu kila siku.

Mwaka 1949, katika shauri la Kipkering arap Koske, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kipimo chenyewe: mambo yanayomwelekea mshtakiwa lazima yasipatane na kutokuwa na hatia kwake, na yasiweze kuelezwa kwa njia nyingine yoyote ya maana isipokuwa kwamba yeye ndiye aliyetenda.

Neno "ya maana" limebeba mzigo mkubwa. Shaka ya maana, ambayo ikibaki mshtakiwa huachiwa, ni ile inayochipuka katika ushahidi wenyewe, au katika pengo lake: saa za kifo zisizoafikiana na safari ya mshtakiwa, kisu kilichopita mikononi mwa watu bila kumbukumbu, mtu mwingine aliyekuwa na ufunguo. Kusema tu kwamba "huenda kuna mtu tusiyemjua" bila kitu chochote cha kuegemea hakutoshi. Kwa upande mwingine, tuhuma nzito hubaki tuhuma.

Kuhusu kuujumlisha ushahidi, mwaka 1866 jaji Pollock wa Uingereza alikataa kuufananisha na mnyororo, ambao pete moja ikikatika wote umeanguka. Aliufananisha na kamba: uzi mmoja hauhimili uzito, nyuzi nyingi zikisokotwa pamoja huuhimili. Naukubali mfano huo, ila kuna mambo ambayo kweli ni pete. Ikiwa kesi yote inategemea kwamba mshtakiwa alikuwa ndani ya nyumba usiku ule, na hilo halikuthibitishwa, nyuzi nyingine hazina pa kushikia.

Mzigo wa kuthibitisha haumhamii mshtakiwa. Kijana Reginald Woolmington alishtakiwa Uingereza kwa kumuua mkewe kwa bunduki, akasema ilifyatuka kwa bahati mbaya. Baraza la mahakama, yaani raia walioketi kuamua kama ana hatia, liliambiwa kwamba ni juu yake kuonyesha hivyo, na akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilifuta hukumu: hakutakiwa kuthibitisha kuwa ilikuwa ajali, bali upande wa mashtaka ndio uliotakiwa kuthibitisha kwamba alikusudia.