Aliyerudi Hahesabiwi Ugeni: Dhana Potofu Kuhusu Waliotoka Masomoni Ng'ambo

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leipzig, Ujerumani, siku zangu mbili zilidumu miezi mitano. Nikitupa taka kwenye pipa lisilo lake, jirani ananielekeza taratibu kama anaongea na mtoto. Nikicheka kwa sauti ndani ya tramu, watu wanageukia dirishani. Wananisamehe, mgeni huyu. Machi nikarudi Dodoma, na jembe nikalikuta mlangoni. Kila nilipoteleza kidogo, niliambiwa najivuna.

Kuna maneno mengi yanasemwa juu yetu tuliokwenda muhula mmoja na kurudi. Mengine niliyaamini mwenyewe kabla sijaondoka.

"Mshtuko ni wa kwenda. Kurudi nyumbani ni raha tupu."

Kabla ya safari tulipewa semina ya siku nzima: baridi, chakula, bima, jinsi ya kufungua akaunti ya benki. Habari ya kurudi haikupewa hata dakika tano. Ila wasilaumiwe sana waandaaji, maana hata wasomi walianza hivyohivyo. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alipoueleza mshtuko wa utamaduni mwaka 1954, akiwa Brazil, aliwazungumzia wanaoingia ugenini. Mwaka uliofuata Sverre Lysgaard wa Norwei, aliyewachunguza Wanorwei waliowahi kwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, alichora hali yao kama herufi U: furaha, kushuka, kisha kupanda tena. Ikafika 1963 ndipo John na Jeanne Gullahorn wakaongeza U ya pili, ya anayerudi kwao, ikawa W.

Usiishike W hiyo kama ratiba ya basi. Tafiti za baadaye zilikuta wengi hawaufuati mchoro, wengine wanaanzia chini siku ileile ya kwanza. Mimi furaha yangu ilikwisha siku ya tatu, dukani.

"Kaenda miezi mitano tu, anajifanya Mzungu."

Mama alinituma sukari asubuhi, duka la mtaani kwetu Nkuhungu. Nikafika, nikasema, "Naomba sukari nusu kilo."

Mama mwenye duka alikuwa anampimia mtoto mafuta ya kula. Akaendelea kupima. Akafunga chupa, akaifuta kwa ncha ya kanga, akamrudishia mtoto chenji, ndipo akaniangalia.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Uso ukaniwaka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo nyumbani? Mama mguu unaendeleaje?"

Tukauongelea mguu. Tukaongelea mvua iliyokatika mapema na bei ya mchele. Kisha sukari. Habari ilifika nyumbani kabla ya sukari: mtoto wenu siku hizi hasalimii.

Ukweli ni kwamba sikuidharau salamu. Leipzig dukani unasema "Hallo", unalipa, unapisha foleni. Ukimuuliza mhudumu habari za mguu wa mama yake atadhani wewe ndiye mgonjwa. Miezi mitano mdomo ulifundishwa njia ya mkato mara kumi kwa siku, na mazoea hayaingii kwa hodi wala hayatoki kwa kufukuzwa. Mimi ilinichukua kama wiki tatu.

Lakini nilipata kitu hapohapo. Salamu zile nilikuwa nazitoa tangu utotoni bila kuzisikia. Nilipozikosa ndipo nikagundua kwamba yale maswali marefu ndiyo yanayoufanya mtaa ujue nani anaumwa, nani kasafiri, nani hajapika tangu jana. Leipzig mzee wa ghorofa ya juu yangu alilazwa wiki mbili, nikajua alipokwisha kurudi.

"Wenzetu wanajali muda, wachelewaji ni sisi."

Nilikuwa muumini mkubwa wa hili. Kumbe mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa takriban asilimia 62 tu, na hapo iliyochelewa kwa chini ya dakika sita imehesabiwa imewahi. Nimesimama stesheni na begi usiku, vidole vimekufa ganzi, kipaza sauti kikiomba radhi kwa mara ya tatu. Kisha nikatua Dar es Salaam na kupanda SGR, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma katikati ya 2024, nikafika kwetu kwa chini ya saa nne. Kwa basi, safari hiyo ilikuwa inakula siku.

Tusijipake asali, lakini. Wiki hiyohiyo kikao cha harusi cha saa kumi kilianza saa kumi na mbili kasoro, na hakuna aliyeomba radhi, mwenyekiti akiwa wa mwisho kuingia.

Na mimi nilichelewa kwa namna yangu. Mama alisema tukutane Soko la Majengo kesho yake saa nne. Kichwa changu, kilichozoea kusoma saa za kule, kiliandika nne ya mchana, yaani saa kumi jioni yetu. Nilipotokea, mama alikuwa nyumbani saa nyingi, mlenda umeshapikwa na kuliwa.

Wapo wanaosema saa za Kiswahili zimepinda, ziko nyuma kwa saa sita. Mimi nimeondoka Leipzig nikiwa mtetezi wa saa hizo. Desemba kule jua linachomoza saa mbili na robo hivi asubuhi na kuzama kama saa kumi jioni. Ukihesabu saa kuanzia macheo, kila mwezi utaitupa saa yako. Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, basi. Imepindaje?

"Katoka Ulaya, hela ipo."

Hii haina maneno mengi. Tangu Septemba 2024, mwanafunzi anayejitegemea akiomba viza ya Ujerumani anatakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Ukizigeuza shilingi unaona milioni mbili na ushee, unaona mshahara wa mtu mzima. Kule ni kodi ya chumba, bima ya afya, chakula, na kinachobaki ni cha kununulia koti. Ndiyo kiasi ambacho serikali yenyewe inaona kinatosha mtu kuishi tu. Zawadi zangu zilikuwa chokoleti sita, na joto la Machi lilizifikia kabla ya wajomba.

"Kila jambo zuri alilorudi nalo kalitoa Ulaya."

Binamu yangu aliniona natoka na mfuko wa kitambaa, akasema, "Ulaya imekufunza." Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 1, 2019. Ujerumani ikaja kuiondoa mifuko myepesi madukani Januari 1, 2022.

Chupa nazo hivyohivyo. Wenyeji wangu walinieleza kwa fahari kwamba ukinunua kinywaji unaweka amana ya hadi senti 25 juu ya chupa, ukiirudisha unapewa hela yako. Nikawasikiliza kwa adabu. Mtoto yeyote wa Nkuhungu aliyewahi kutumwa soda anajua: huna chupa tupu, acha hela ya chupa.

"Nyumbani utapakuta vilevile ulivyopaacha."

Labda kama kwenu si Dodoma. Manispaa ilihesabiwa watu 410,956 katika sensa ya 2012. Mwaka 2022, ikiwa imeshakuwa jiji na wizara zimeshahamia, ilikuwa na watu 765,179. Mji wa namna hiyo haumsubiri mtu arudi. Kibanda cha chipsi nilichokifikiria usiku wote wa baridi hakikuwepo tena, pamesimama fremu tatu za maduka na duka la vifaa vya ujenzi. Bodaboda aliniuliza, "Dada, wewe ni mgeni hapa?" kwa sababu nilimwelekeza njia ambayo imefungwa kwa ukuta wa mtu.

Ndani ya nyumba ilikuwa hivyohivyo. Mdogo wangu amehamia kitanda changu na hana mpango wa kuhama. Utani wa mezani una watu wapya na visa vipya, wanacheka, nami nauliza, "Nani huyo?" Wakijaribu kunieleza, kicheko kinakufa njiani. Nikileta vya kwangu, "Leipzig bwana, kuna siku..." naona macho yanarudi kwenye ugali. Siwalaumu. Kaka yangu aliporudi kutoka JKT nilimfanyia hivyohivyo.

"Atakayemwelewa ni aliyewahi kusafiri tu."

Hii ndiyo niliyoishikilia mwishoni. Nikawa nakaa kwenye simu na wenzangu tuliokwenda pamoja, tukiombolezeana.

Kisha mwishoni mwa Machi nikaenda Mvumi kwa bibi, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni Morogoro. "Mbukwenyi," nikamsalimu kwa Kigogo, na safari hii sikukosea. Akanipokea begi. Hakuomba picha. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza, huko wanalima nini. Nikamwambia ukweli: muda wote ardhi ilikuwa imelala kwa baridi, sikuliona shamba likifanya kazi. Akatikisa kichwa, akaniuliza la pili.

"Na huko uliwakumbuka akina nani?"

Nikaanza kuwataja, nikafika kwa babu, nikanyamaza. Hatukuongea kitambo. Uwele ulikuwa umeanza kukomaa na kwelea wamekwisha kuuona. Bibi akanyanyuka, akanipa kopo la maziwa lenye vijiwe ndani, akanionyesha dungu la kufukuzia ndege.

"Panda pale," akasema. "Wanaingilia upande wa mbuyu."