Wanawake Wanne wa Kasri la Shu

Ukiitazama picha hii, usianze na nyuso. Anza na visogo. Wanawake wanne wamesimama karibu karibu, wawili wametuelekea, wawili wametupa mgongo, na nyuma yao hakuna ukuta, bustani wala kiti. Ni hariri tupu, iliyokolea rangi ya hudhurungi kwa umri. Mchoraji hakutupa pa kupumzishia macho isipokuwa mavazi yao.

Mchoraji ni Tang Yin wa Suzhou, China (1470–1524). Mwaka 1498 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa mkoa wa kuingia utumishi wa serikali. Mwaka uliofuata akatiwa katika kashfa ya udanganyifu huko Beijing, akafungwa, na njia ya ukubwa serikalini ikafungwa naye. Akaishi kwa kuuza picha. Hii, yenye urefu wa sentimita 124.7 na upana wa 63.6, leo iko Makumbusho ya Kasri, Beijing.

Sasa nyuso. Paji, pua na kidevu vimepakwa weupe mzito kuliko mashavu, mbinu ya kale ya wachoraji wa China ya kumfanya mtu ang'ae bila kumwekea kivuli. Hariri nayo huandaliwa kwanza kwa gundi na shabu, la sivyo wino husambaa kama maji kwenye kitambaa.

Watazamaji wengi huishia hapo, kwenye uzuri. Lakini juu Tang Yin ameandika shairi na maelezo. Wang Yan, mfalme wa Shu, dola ya kale kusini-magharibi mwa China, aliyetawala 918 hadi 925, aliwaamuru wanawake wa kasri wavae kanzu za watawa wa dini ya Kitao na kofia za umbo la yungiyungi, wamhudumie karamuni. Vazi la mcha Mungu, kazi ya ulevi. Nchi ikatekwa mwaka 925. Mimi husoma picha nzima kama lawama iliyovikwa hariri.

Hata jina la picha lilikosewa kwa muda mrefu: ilidhaniwa inamhusu Meng Chang, mfalme mwingine wa Shu. Kila mmoja wao alikuwa wa mwisho katika nasaba yake, na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa.

Picha ya aina hii haitundikwi daima. Ina kijiti chini cha kuikunjia, na mwanga huchosha rangi na nyuzi, kwa hiyo makumbusho huionyesha kwa muda mfupi, kisha huikunja na kuirudisha gizani.