Wachimba dhahabu hawakuishi kwa poka

Tukisikia kamari ya wachimba dhahabu wa Marekani, akilini inatujia poka, mchezo wa karata: wanaume wanne, meza moja, bastola kiunoni. Kuuawa kwa Wild Bill Hickok, mpiga bastola mashuhuri, akicheza poka huko Deadwood, mji wa wachimba dhahabu, mwaka 1876 kumeikoleza picha hiyo. Poka ilichezwa, ndiyo, lakini mfalme wa kambi za migodi alikuwa faro, mchezo wa karata wenye asili ya Ufaransa. Huko California, hasa baada ya 1849, alishindana na monte, mchezo mwingine wa karata uliotoka Mexico.

Tofauti na poka, faro haukuhitaji kumsoma mtu usoni. Mezani palibandikwa karata 13 za shupaza, nawe ukaweka dau lako juu ya mojawapo. Mgawaji alichomoa karata mbilimbili kutoka kwenye kisanduku: ya kwanza ilikula madau yaliyo juu ya karata inayolingana nayo mezani, ya pili ililipa yaliyo juu ya mwenzake. Hizo mbili zikilingana, mwenye meza alichukua nusu ya dau lililo juu ya karata hiyo. Mchimbaji aliyechoka, hata asiyejua Kiingereza, aliuelewa upesi.

Faida ya halali ya mwenye meza ilikuwa ndogo mno, na hapo ndipo wizi ulipoingia. Visanduku vingine vilichezewa ili mgawaji aweze kuchomoa karata mbili kama moja. (Bastola ya nini, kama kisanduku kinatosha?)

Sheria ya jinai ya California ya mwaka 1872 ilipiga marufuku faro na monte kwa majina. Poka ya kawaida haikutajwa.